Siamini uzima baada ya kifo. Je, bado mimi ni Mkristo?

Mwalimu wa Karagwe

Wakuu, habari za jioni. Wale wa kunijibu "soma Biblia" wajue nimeisoma. Na wale wa kunikaribisha kwenye ukanamungu wajue sijaja kuomba uhamisho.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, sekondari ya kata, na ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa KKKT, Kanisa la Kilutheri, huku Karagwe. Nilibatizwa nikiwa mchanga, nikapata kipaimara, nikafunga ndoa madhabahuni. Ibada sikosi. Naupenda mfano wa Msamaria, naupenda hata ule wa vibarua wa shamba la mizabibu ambao humuudhi kila mhasibu, na naamini kabisa kwamba alivyoishi Yesu ndivyo mtu anavyopaswa kuishi. Kusali nasali.

Ninapokwama ni mwisho wa Imani ya Mitume: "ufufuo wa mwili, na uzima wa milele". Nikifika hapo nachezesha midomo tu.

Si kiburi cha kisomo. Baba yangu alipata kiharusi akaishi nacho kwa miaka. Sehemu ndogo tu ya ubongo ilikosa damu, akapoteza majina ya watoto wake, kisha akapoteza upole. Mtu ambaye hakuwahi kutukana hata mbuzi aliyeingia shambani, akawa anamtukana mama mbele ya wageni. Waliokuja kumwombea walisema roho yake ni ileile, kilichoharibika ni mwili. Nikajiuliza: kama kipande cha ubongo kikifa kinaondoka na kipande cha mtu, ubongo wote ukifa kinabaki nini cha kwenda mbinguni? Kila niliyemuuliza alinizungusha.

Katika kusomasoma nimekuta siko peke yangu. Rudolf Bultmann, Mlutheri, profesa wa Marburg, Ujerumani, alisema mwaka 1941 kwamba mtu hawezi kuwasha taa ya umeme, kusikiliza redio na kutibiwa hospitali, halafu wakati huohuo akaamini ule ulimwengu wa pepo na miujiza wa Agano Jipya. Mchungaji Klaas Hendrikse wa Uholanzi alitoa kitabu mwaka 2007 kuhusu kumwamini Mungu asiyekuwepo, na kanisa lake halikumfukuza. Kule Toronto kuna mchungaji Gretta Vosper anayesema waziwazi kwamba yeye ni mkana Mungu. Kanisa la Muungano la Kanada lilimhoji, likamwona hafai, na mwaka 2018 wakaafikiana abaki na usharika wake.

Sasa nauliza: Ukristo unadai lazima mtu aamini uzima halisi baada ya kifo na mambo yanayopita maumbile? Au anaweza kumfuata Yesu bila hayo na asiwe mnafiki? Nawasilisha.

---

Mlokole Original

Mkuu, jibu ni fupi. 1 Wakorintho 15:14: "tena kama Kristo hakufufuka, basi, kuhubiri kwetu ni bure na imani yenu ni bure." Uzi ufungwe.

Hao akina Bultmann ndio wamefanya makanisa ya Ulaya yabaki ya kupigia picha. Na ukitaka kujua Mungu hadhihakiwi, tafuta habari za David Jenkins. Alikana ufufuo, wakamweka wakfu kuwa askofu pale York Minster, Uingereza, Julai 1984, siku tatu baadaye radi ikapiga na kanisa likawaka moto. Jifunze kwa wenzako kaka.

---

Mpare wa Mamba

Mwalimu, sisi Wasabato hoja yako ya ubongo wa mzee haitutishi, pole kwa mzee lakini. Tangu Wajerumani waliotuletea ujumbe huu Upareni mwaka 1903 hatujafundishwa kwamba kuna kitu kinaruka kutoka mwilini kwenda juu. Mwanzo 2:7: udongo pamoja na pumzi ndiyo nafsi hai. Ukitoa pumzi hakuna nafsi inayobaki kuning'inia. "Wafu hawajui neno lo lote", Mhubiri 9:5. Mtu akifa amelala mpaka aitwe.

Kwa hiyo unachokikataa wewe, hata mimi nakikataa, na kanisani naruhusiwa kuwa mzee. Ila nisikudanganye: muujiza sisi tunauhitaji kuliko ninyi. Mwenye roho isiyokufa ana akiba. Sisi tusipofufuliwa, ndiyo imetoka hiyo.

---

Mama Mchungaji Mstaafu

Mwalimu, pole kwa baba. Nimetumika KKKT upande wa Muleba mpaka nilipostaafu. Theolojia niliisoma wakati ambapo wanawake tulisoma bila kujua kama kuna siku tutawekewa mikono kuwa wachungaji, kwa hiyo Bultmann nilimsoma kwa kiu. Yeyote aliyewatikisa wazee wale nilimhesabu ndugu.

Nianze kwa kumwondoa Mlokole njiani. Jenkins alichosema ni kwamba ufufuo si mazingaombwe ya mifupa tu. Magazeti yakaliacha lile "tu". Na kama radi ile ilikuwa hukumu, basi ilichelewa siku tatu, ikamkosa mhusika, ikaunguza paa la kanisa ambalo hata halikuwa lake, maana yeye alikuwa askofu wa Durham. Mungu ninayemjua ana shabaha nzuri zaidi.

Sasa swali lako. Umeunganisha mambo mawili na mimi nayatenganisha: uzima baada ya kifo, na mambo yapitayo maumbile.

La pili ni jepesi. Miujiza mingi ungeweza kuninyang'anya nikabaki Mkristo. Kuzaliwa na bikira nakukiri, lakini Marko hana habari hiyo, na Paulo aliishia kusema "amezaliwa na mwanamke" akaendelea na mambo yake. Mwaka 2011, watu walipokuwa wanapanga foleni ya magari Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Babu kwa shilingi mia tano, na Babu mwenyewe mchungaji mstaafu wa KKKT, nilikuwa naulizwa karibu kila Jumapili: mama, asiyekwenda amekosa imani? Niliwajibu hapana. Sikwenda, na Jumapili iliyofuata nilisimama madhabahuni kama kawaida.

La kwanza ndilo zito. Msabato kakuanzishia vizuri, mimi naenda nyuma zaidi. Ibrahimu hakuahidiwa mbinguni. Aliahidiwa nchi na uzao. Mwenye Zaburi ya 6 anamsihi Mungu amponye kwa hoja kwamba kuzimu hakuna atakayemshukuru, ni kama anamwambia: ukiniacha nife umepoteza mwimbaji. Masadukayo, kundi la makuhani wakuu wa hekalu, hawakuamini ufufuo, na hakuna aliyesema si Wayahudi. Kwa hiyo karne nyingi watu wa Mungu walimwabudu, wakafunga, wakatoa zaka, wakazikwa na baba zao, bila kudai chochote zaidi. Ukiniuliza kama mtu anaweza kumwamini Mungu bila kuamini uzima ujao, Biblia yenyewe inajibu ndiyo.

Basi ufufuo uliingia vipi? Hapa ndipo vitabu vingi vya kuipinga imani vinapita mbio, vikitaka tufikiri uliletwa na hofu ya wazee ya kufa. Haikuwa hivyo. Mwaka 167 kabla ya Kristo mfalme Antioko Epifane aliwakataza Wayahudi kuishika Torati. Hesabu ya zamani ilikuwa: tii, utaishi siku nyingi katika nchi. Ghafla hesabu ikageuka kichwa chini: aliyetii alichinjwa, aliyesaliti akapata cheo. Ni katika moto huo ndipo Danieli 12 inasema walalao katika mavumbi ya nchi wataamka. Wakatoliki wana 2 Wamakabayo kwenye Biblia yao. Soma sura ya 7, mama na wanawe saba. Mmoja ananyoosha ulimi na mikono ikatwe, anasema nilivipata kutoka mbinguni, na kwake natumaini kuvipata tena. Umeona anachodai? Hadai roho ipae. Anadai mikono yake.

Yaani tangu mwanzo ufufuo ni kesi. Ni madai kwamba aliyeuawa kwa haki yake hajafungiwa faili. Ndiyo maana ulimfaa Yesu, aliyeuawa na serikali, kwa hukumu ya liwali, mbele ya askari. Paulo akisema amefufuka hasemi "roho yake ipumzike mahali pema". Anasema ile hukumu imetenguliwa na Mahakama ya juu zaidi.

Na usidhani hayo ni ya Yerusalemu peke yake. Februari 1977 kule Uganda Idi Amin alimuua Askofu Mkuu Janani Luwum wa Waanglikana. Waumini walimchimbia kaburi Namirembe, Kampala, karibu na la Askofu Hannington, naye aliyeuawa mwaka 1885, lakini serikali haikutoa mwili. Ulipelekwa kuzikwa Mucwini, huko Kitgum. Watu wakakusanyika hata hivyo, kaburi li wazi na halina mtu. Askofu Mkuu mstaafu Erica Sabiti akasema maneno ya malaika: hayupo hapa, amefufuka. Nieleze, mwalimu: pale, na makachero wa Amin wamejaa mjini, ungesema nini kingine? Kwamba mafundisho ya Luwum kuhusu upendo yatadumu?

Sasa yangu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983 hospitali ya Ndolage, kwetu kabisa. Watu waliuita Juliana. Miaka iliyofuata tulizika mpaka mafundi wa majeneza wakawa wanafanya kazi usiku kwa karabai. Kina mama wadogo, waume zao wametangulia, watoto wanaachiwa bibi. Nikiwa bado na Bultmann wangu kichwani, kwenye msiba mmoja nilifundisha kwamba marehemu ataendelea kuishi katika upendo alioupanda ndani yetu. Nilijisikia nimesema vizuri. Bibi yake, aliyekuwa amekaa mkekani na kitukuu mgongoni, akaniuliza kwa Kihaya, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Na yeye?"

Bultmann alikuwa mtu wa maana, alisimama upande wa kanisa lililompinga Hitler, na sitamtania. Lakini fundisho lake kwamba ufufuo ni uamuzi wako wa kuanza kuishi upya linamfaa mwenye maisha ya kuanza upya. Profesa anayo. Yule binti wa miaka ishirini na kidogo aliyelala kwenye sanduku hakuwa nayo. Kila Ukristo usio na ufufuo niliowahi kuusoma ni mzuri kwa waliobaki. Kwa aliyeondoka kabla ya kupata chochote hauna neno.

Kwa hiyo jibu langu: ndiyo, imani ya Kikristo inadai hilo moja. Haidai ujue litafanyikaje.

Lakini imani ya kanisa inavyodai ni jambo moja, na wewe unavyoweza Jumapili hii ni jambo lingine. Mathayo 28:17, wale kumi na mmoja wako mlimani, Yesu mfufuka yuko mbele yao, wanamsujudia, "lakini baadhi yao waliona shaka". Yesu hakuwatoa kwenye mstari. Mara baada ya hapo anawatuma wote. Tofauti yako na Hendrikse ni kwamba wewe unakwama kwenye maneno; yeye aliyabadilisha maneno yasimkwamishe.

---

Mlokole Original

Mama shikamoo. La radi nimekubali kupoteza. La kikombe nalo nitalifikiria, mimi nilikwenda.

---

Mwalimu wa Karagwe

Shikamoo mama mchungaji, na ahsante. Sijawahi kuelezwa Danieli hivi, na kipaimara nilifundishwa miaka miwili.

Ila siwezi kuondoka bila kubisha. Mosi, "Na yeye?" ni swali linaloumiza, lakini uchungu wa swali hauleti jibu. Wanafunzi wangu wakiniambia lazima mgodi ule ulipe fidia kwa sababu wanakijiji wanateseka, nawaambia kustahili kulipwa na kulipwa ni vitu viwili. Yule binti anastahili. Haitoshi kuonyesha kwamba atapata.

Pili, hili la kulala na kuamshwa. Kama hakuna kinachobaki, halafu Mungu akaniumba tena siku ya mwisho na kumbukumbu zangu zote, huyo ni mimi au ni nakala yangu? Na baba ataamka yupi, yule mpole au yule wa baada ya kiharusi?

Tatu, na hili linanikera: mbingu zimetumika vibaya mno. Maskini anaambiwa avumilie, taji lake liko juu. Mwaka 2023 kule Shakahola, Kilifi, imefukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofunga mpaka kufa ili wakamwone Yesu, watoto wakiwemo. Fundisho linalozaa matunda hayo tulitete kwa nini?

---

Mwana wa Kitui

Hamjambo Watanzania. Nimepita tu, lakini mmenigusa. Hapa kwetu Ukambani Profesa John Mbiti, Mkamba, kasisi wa Kianglikana, aliandika tasnifu yake Cambridge (alimaliza 1963) kuhusu jambo hilihili: Wamisionari wa Africa Inland Mission walivyowahubiria Wakamba mbingu. Alisema wazee wetu walikuwa na Sasa na Zamani, na mbele hakukuwa na kitu kirefu. Aliyekufa alirudi nyuma kuelekea Zamani, na maadamu kuna anayemkumbuka kwa jina, yu hai kwa namna fulani. Kisha mtu akaja akawaambia Yesu anarudi karibuni na kuna mji wenye barabara za dhahabu. Walichopokea, kwa maoni ya Mbiti, ni picha ya mahali pa kukimbilia, na Kristo mwenyewe akabaki pembeni ya picha.

Hayo ya wakati wengi wamembishia, na mimi nikimkumbuka nyanya yangu alivyopanga miembe ya wajukuu sioni kama hakuwa na mbele. Lakini kuhusu mahubiri alisema kweli, nimeyasikia hayo utotoni. Mwalimu anaogopa ile picha. Sijui kama amewahi kuonyeshwa nyingine.

---

Mama Mchungaji Mstaafu

Marahaba mwalimu. Marahaba na wewe Mlokole. Kikombe hakikukudhuru, endelea na maisha. Mwana wa Kitui, karibu tena, umenirahisishia kazi.

La kwanza: kweli tupu. Sijathibitisha kitu. Lakini uliuliza kama Ukristo *unadai* uzima baada ya kifo, hukuuliza kama upo. Nimekujibu uliloniuliza. La kama ni kweli linasimama au kuanguka kwa jambo moja, kama wale mashahidi wa Paulo walimwona Yesu au hawakumwona. Paulo anawataja, Kefa, wale Thenashara, ndugu zaidi ya mia tano kwa pamoja, na anaongeza kwamba wengi wao bado wako hai. Anayeandika hivyo anajua mtu anaweza kwenda kuwauliza. Wewe unaweza kusema waliota. Ni jibu la heshima. Ila hapo unabishana na ushahidi, si na shairi, na ndivyo Paulo alivyotaka ubishane.

La pili sina jibu, na Paulo naye hakuwa nalo. Wakorintho walipouliza wafu watakuja kwa mwili gani, alianza na "Ewe mpumbavu!" Sikuiti hivyo, umri umenifundisha. Nitasema tu kwamba baba yako wa kabla ya kiharusi sasa hivi hayupo popote ila kwa anayemjua kikamilifu. Wewe unamjua nusu, mama yako robo tatu. Kama kuna Mungu, hapotezi ile robo iliyobaki. Kama hayupo, mjadala wa nakala hauna kazi.

La tatu ndilo nitakalokukatalia kabisa. Waliokufa Shakahola walifundishwa kwamba mwili ni kizuizi, uuache upesi ukamwone Bwana. Hilo ni kinyume cha ule mstari unaokukwamisha. Imani ya Mitume inasema ufufuo wa *mwili*. Mwili ambao Mungu ameshika madai yake juu yake huwezi kuunyima uji. Na maskini aliyeambiwa anyamaze kwa sababu ya taji aliibiwa Danieli. Waliokuwa wa kwanza kuamini ufufuo ndio waliokataa kumnyamazia mfalme. Kanisa limeuza mbingu ya bei nafuu, sikatai, mimi mwenyewe nimekaa vikao vya kuiuza. Lakini ukitupa ufufuo ili kuwakomesha wauzaji, umewaadhibu wanunuzi.

---

Mwalimu wa Karagwe

Mama, bado siamini. Lakini sasa najua vizuri zaidi nisichokiamini, na ninaona sikuwa nakataa kitu kile nilichodhani.

Swali la mwisho la kiutendaji. Mchungaji wetu ana mitaa mingi, na wakati mwingine sisi wazee ndio tunaosoma ibada ya mazishi. Nikae pembeni? Niwaeleze wazee wenzangu?

---

Mama Mchungaji Mstaafu

Soma. Liturgia si ushuhuda wako binafsi. Unawasomea wafiwa ahadi ambayo hukuitoa wewe. Mtu wa posta hasomi barua ndipo aipeleke. Usichoruhusiwa ni kuongeza maneno yako ya kupendezesha, wala kupunguza. Ikifika zamu ya mahubiri, mpishe mwinjilisti, usihubiri usichokiamini.

Mchungaji wako mwambie, tena uso kwa uso, si kwa ujumbe wa simu. Wazee wenzako usiwaambie kwa sasa. Nawajua wazee. Ukilisema kwenye baraza Jumamosi, Jumatatu soko lote la Kayanga linajua kwamba mwalimu wa fizikia ameingia Freemason, na hiyo itakuwa kesi nyingine ambayo mimi siwezi kukusaidia.